Kwenye Chetezo cha Wengine

Kitu chenyewe hakionekani. Hilo nililijua tulipokwisha kuondoka, na tangu nilijue hunijia nyakati ambazo sikulitafuta, nikiwa jikoni, nikiwa kwenye daladala. Hekalu la Sensoji, mtaa wa Asakusa, Tokyo, linakadiriwa kupokea watu milioni 30 kwa mwaka, na wote hao, wajue wasijue, wanaelekea kwenye sanamu moja ya Kannon, yule ambaye Wabudha wa Japani humkimbilia kwa ajili ya huruma yake, sanamu ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kuitazama, hata watawa wanaoitunza. Masimulizi ya pale yanasema mwaka 628 ndugu wawili wavuvi, Hinokuma Hamanari na Hinokuma Takenari, walitupa nyavu katika mto Sumida wakaiopoa. Mkubwa wa kijiji, Haji no Nakatomo, akaitambua ni nini, akaigeuza nyumba yake kuwa mahali pa ibada. Mwaka 645 akaja mtawa aitwaye Shokai, akajenga ukumbi, akaoteshwa kwamba sanamu ifichwe. Ikafichwa, na imefichika hadi leo. Kila tarehe 13 Desemba watu hufunguliwa kwa muda mfupi, lakini wanachokiona ni sanamu nyingine, inayosimama mbele kwa niaba ya ile.

Nimekulia Unguja, karibu na watu wa bahari, na kisa hicho kilinipendeza kabla sijaamua nikichukulieje. Nawajua wavuvi. Najua jinsi mtu anavyovuta wavu ukiwa mzito kuliko kawaida, na jinsi wenzake wanavyonyamaza kidogo wakisubiri kuona. Mengine ya kisa hicho ni ya dini isiyo yangu, na humo ndimo nilimokwama, na kwa kusema kweli sijatoka bado.

Nilikuwa Japani kwa mafunzo ya kazi. Siku moja ya katikati ya wiki, mwezi wa Oktoba, tulipewa mapumziko, nami nikatoka na mwanafunzi mwenzangu, Mkenya wa Nakuru, mlokole hasa, mtu wa kucheka na kuongea na kila mtu hata asipojua lugha yake. Tulipanda treni ya chini ya ardhi ya njia ya Ginza, ambayo kipande chake cha kwanza, kati ya Ueno na Asakusa, kilifunguliwa mwaka 1927. Tulipopanda ngazi na kutokea juu tulikuwa tumo umatini tayari. Hapakuwa na mahali ambapo mtu angesema, hapa ndipo watu wanapoanzia.

Kwanza ni lango la Kaminarimon, na fanusi lake jekundu la karatasi linaloning'inia katikati, urefu wa mita 3.9, uzito wa kilo 700 hivi. Lango la zamani liliungua mwaka 1865, na watu wa Asakusa wakakaa miaka 95 bila lango, hadi mwaka 1960 tajiri wa vyombo vya umeme, Matsushita Konosuke, alipotoa fedha lijengwe upya. Jina la kampuni yake limeandikwa kwenye kibao cha shaba chini ya fanusi. Nilipoambiwa hayo nilitabasamu, maana na kwetu hakuna kisima cha sadaka kisichokuwa na jina la aliyekichimba. Chini ya fanusi watu walikuwa wamesimama mikono juu, simu mkononi. Nami nikainua mkono.

Baada ya lango inakuja njia ya Nakamise, mita 250 hivi za vibanda upande huu na huu: mapepeo, vitambaa, biskuti za mchele zinazochomwa mbele yako na kupakwa sosi ya soya, vikeki vidogo vya kujazwa maharage matamu. Wasichana wamevaa kimono za kukodi, wengi wao wageni kama sisi. Mbele yetu kulikuwa na kundi la wazee wakimfuata mtu mwenye kibendera, nasi tukawa tunatembea nyayo kwa nyayo nyuma yao, bila uwezo wa kupita wala wa kurudi. Nikaanza kununa. Sikusema kitu, lakini uso wangu haujui kuficha.

"Dada, mbona umekasirika?" akaniuliza mwenzangu. "Si hii ni Gikomba tu, soko letu, ila imefagiwa."

Nikacheka, lakini neno lake likanikaa. Kwa nini nimekasirika? Kwa kweli hakuna aliyenikanyaga, hakuna aliyenisukuma. Nilichokuwa nacho ni madai: nilikuwa nalidai hekalu kimya ambacho halikuwahi kuniahidi. Nilipojichunguza nikaona kimya hicho nilikuja nacho mwenyewe, kutoka kwenye kalenda za ukutani na filamu, zile picha za kuvumwani juu ya mawe, mtawa mmoja amekupa mgongo, kengele moja inalia mbali. Wala si picha ya uongo; mahali kama hapo papo katika nchi ile. Lakini nani aliyenifundisha kwamba huo ndio Ujapani wa haki, na huu wa biskuti na vibendera ni uchafu uliouingia? Watalii wa aina hiyo nawajua. Huja kwetu Mji Mkongwe wakasimama kichochoroni kamera jichoni, wakasubiri pikipiki ipite, na mtoto mwenye fulana ya mpira apite, na bibi mwenye mfuko wa plastiki apite, ndipo wapige picha ya mlango. Nimewapitia mbele mara nyingi kwa makusudi.

Baadaye nilisoma habari za Nakamise nikazidi kuona haya. Vibanda vile havikuja na watalii. Kiasi cha mwisho wa karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18, mji ukiwa bado unaitwa Edo na watu wakija Asakusa kwa wingi, wakazi wa jirani waliokuwa na wajibu wa kufagia uwanja wa hekalu walipewa idhini ya kufungua biashara pembeni mwa njia. Kwa hiyo muuza biskuti alianza kama mfagizi. Kuuza kwake kulikuwa ujira wa kuutumikia uwanja. Na nani kati yetu hajui jambo hilo? Usiku wa Maulidi pale Maisara, mwezi wa Mfunguo Sita, watu hujaa hadi barabarani, kuna halua, kuna ubuyu, kuna watoto wanaolia wamepotezana na mama zao, na sijasikia mtu akisema kwamba muuza ubuyu amemharibia mwenziwe kumswalia Mtume. Umati wa kwetu nauita baraka. Wa kwao niliuita msongamano.

Mwisho wa Nakamise lipo lango la pili, Hozomon, na nyuma yake yametundikwa makubadhi mawili ya mabua ya mpunga, kila moja urefu wa mita 4.5 na uzito wa kilo 500 hivi. Inasemwa kwamba shetani akiyaona atajiuliza anayeyavaa ana ukubwa gani, ajiondokee. Mwenzangu alisimama chini yake akapima mguu wake kwa mbali, akakubali.

Kisha chetezo.

Si chetezo cha kushika mkononi. Ni chungu kikubwa cha chuma kilicho uwanjani mbele ya ukumbi mkuu, kimeezekwa paa lake, ndani kimejaa majivu, na ndani ya majivu vijiti vya udi kwa mafungu vinafuka. Watu wamekizunguka pande zote, wanauvuta moshi kwa viganja na kujipaka: kichwani, mabegani, kifuani. Wanaamini moshi ule hufaa pale mwili unapouma. Harufu ilinifikia kabla sijakiona, na jambo la kwanza lililonijia halikuwa la Japani hata kidogo. Lilikuwa chumba cha marehemu nyanya yangu Ijumaa asubuhi, kanga zimetandazwa juu ya tenga la fito, udi unafuka chini. Udi wao ni mkavu zaidi, hauna utamu wa sukari na mawardi tunaoutia sisi. Lakini pua haikungoja nifikiri. Ilikwisha kusema ni kwetu.

Hapo alikuja bibi mmoja. Nilimwona kwa sababu alipita katikati ya watu wale bila kumgusa yeyote, na bila kupunguza mwendo, jinsi mtu anavyopita jikoni kwake gizani. Alikuwa na kofia ya kitambaa na mkoba wa kukokota wenye magurudumu, ndani yake kitunguu cha majani kimechomoza. Hakununua udi. Alisogea kwenye chungu, akauteka moshi wa wengine kwa mkono wa kulia, akainama taratibu, akaupaka goti lake la kushoto. Mara ya pili akalipaka tena lile lile. Kisha akapanda ngazi za ukumbi mkuu ngazi moja moja, mkoba ameuacha chini peke yake, na mimi, sijui kwa nini, nikamfuata kwa macho na halafu kwa miguu. Mbele ya sanduku la sadaka palikuwa na vijana wanapiga picha. Alingoja. Nafasi ilipopatikana akatupa sarafu yenye tundu katikati, ya yeni 5, ikagonga fito za sanduku ikatumbukia, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa. Yote hayo hayakuzidi muda wa kushusha pumzi. Akageuka, akashuka kwa upande, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Alikuwa na kitunguu cha kupika.

Ninamfikiria sana bibi yule. Hakuwaona vijana wale kuwa kikwazo, wala hakuniona mimi kuwa mtazamaji. Ninayetamani kimya ni mimi nisiyekuwa na ombi. Yeye mwenye goti linalouma alikuwa na shughuli yake, na shughuli ilimtosha. Au labda ninampamba. Labda alikuwa amechoka nasi hasa, na amekwisha kuwaambia wanawe kwamba siku hizi hekaluni hapaendeki. Katika miji kadhaa ya Japani wenyeji wamelalamika waziwazi juu ya wingi wa watalii. Huko Kyoto, mtaa wa Gion, baadhi ya vichochoro vya binafsi vilifungiwa wageni mwaka 2024. Sikuzungumza na bibi yule, na uso wake ulikuwa uso tu. Ni rahisi kumfanya mtu usiyemjua akuthibitishie unachotaka kuamini.

Nilirudi kwenye chungu, nikasimama karibu hadi moshi ukanifika wenyewe. Hapo ndipo swali lilipokaa sawasawa. Je, ninyooshe mkono? Kiganja kimoja tu cha moshi, kwa adabu, kwa sababu nimo ugenini na wenyeji wanafanya hivyo? Nilifundishwa kwamba mgeni hafuati ibada ya watu, lakini pia nilifundishwa kwamba mgeni hasimami kama gogo ndani ya nyumba ya watu. Mafunzo yote mawili nililelewa nayo katika nyumba moja, na watu wale wale, na sikuwahi kuyaona yanagongana mpaka siku ile. Mikono yangu ilibaki ndani ya mifuko ya koti. Sikujua kama nimeiweka humo kwa imani au kwa woga.

Pembeni pana maji. Yanatiririka chini ya sanamu ya joka, na watu hunawa mikono na kusukutua kabla ya kwenda mbele ya Kannon. Wao huanza mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha kinywa. Nilitazama mpangilio ule kwa makini ya mtu anayejua kazi hiyo, kama fundi cherehani anavyotazama mshono wa fundi mwingine, nikasikia mkono wangu wa kulia ukitaka kutangulia.

Ukumbi mkuu wenyewe ni wa zege. Hili nalo lilinipa taabu. Ule wa kale, uliojengwa mwaka 1649 kwa amri ya shoguni Tokugawa Iemitsu, ulisalimika na tetemeko kuu la mwaka 1923, na watu wengi waliokimbilia uwanjani humo wakanusurika. Ulikuja kuungua usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, ndege za Marekani zilipomwaga mabomu ya moto juu ya upande huu wa Tokyo. Usiku ule inakadiriwa walikufa watu 100,000. Huu wa sasa ulimalizika mwaka 1958, na paa lake lilibadilishwa vigae mwaka 2010, vigae vya madini ya titani, vyepesi ili paa lisiuelemee ukumbi siku ardhi itakapotikisika. Nilipoyasikia hayo, jibu langu la kwanza lilikuwa la mtu aliyeuziwa bidhaa ya bandia: basi si la kale? Nimeruka bahari kuja kuangalia zege lenye umri wa mama yangu?

Na tazama nilivyosikia habari ya watu 100,000 nikashughulika na umri wa ukuta.

Upande wa mashariki wa uwanja ndiko yaliko mabaki ya kweli ya karne ya 17, lango la Nitenmon na jumba la Kishinto la Asakusa, ambayo moto uliyaruka. Watu ni wachache huko. Katika jumba hilo wanaheshimiwa wale wavuvi wawili na mkubwa wa kijiji chao, maana waliinuliwa nao wakawa wa kuabudiwa. Huko desturi ni kuinama mara mbili, kupiga makofi mawili, kuinama tena. Kwenye hekalu la Kibudha hakuna makofi. Wageni huchanganya, wakapiga makofi kwa Kannon, na sikuona mtu akiwakemea. Zamani sehemu hizi mbili zilikuwa pamoja, serikali ya Meiji ndiyo iliyozitenga baada ya mwaka 1868, lakini kizuizi kilichowekwa na serikali mguu haukijui. Nilimwona mtu mmoja akisali hapa, akatembea hatua chache, akasali kule. Mimi niliyelelewa na mpaka ulionyooka nilimtazama nikiwa na mshangao, na pia, nitasema ukweli, na kijicho kidogo.

Kuna pia bahati nasibu ya karatasi. Unaweka yeni 100, unatikisa kopo la chuma hadi kijiti chenye namba kichomoze, unafungua mtoto wa meza mwenye namba hiyo, unachukua karatasi ya kukuambia bahati yako. Sensoji inasifika kwa kutoficha: inasemwa karatasi 30 katika kila 100 ni za nuksi, kama ilivyokuwa tangu zamani, wala hawakuzipunguza ili kuwafurahisha wageni. Ukipata ya nuksi unaifunga kwenye waya pale pale, unaiacha. Msichana mmoja aliipata ya nuksi, akamwonyesha mchumba wake, wakacheka wote wawili, kisha akaifunga kwa uangalifu mkubwa mno kwa mtu anayecheka. Sisi tuna ramli na tunajua tunavyoiogopa hata tunapoikana. Kopo sikuligusa.

Tulikuwa tunatoka ndipo walipotuzuia wanafunzi. Watoto wa kiasi cha miaka 12 au 13, sare nyeusi, ubao wa kuandikia mkononi, mwalimu wao kasimama kwa mbali akijifanya haangalii. Nilijua baadaye kwamba ni desturi: shule zikipeleka watoto matembezini huwapa zoezi la kuwatafuta wageni na kuwauliza maswali kwa Kiingereza. Walitoa ramani ya dunia na stika, wakaniomba nibandike kwetu. Stika moja ilifunika kutoka Tanga hadi Kilwa, na Unguja ikapotea chini yake. Wakauliza jina, chakula cha Kijapani ninachokipenda, kisha msichana mfupi kuliko wote akasoma kwenye karatasi yake, neno kwa neno, kwa sauti iliyotetemeka: kwa nini umekuja Sensoji?

Nikajibu kwamba ni pazuri. Akaandika. Wakainama wote kwa pamoja, nikapewa korongo wa karatasi ya bluu, wakaenda kumtafuta mwingine.

Jibu lile nimelikataa na kulirudia mara nyingi. Halikuwa uongo. Lakini nikilitazama vizuri, sikwenda kwa sababu ni pazuri, maana nilipokwenda sikujua kama ni pazuri. Nilikwenda kwa sababu watu huenda. Nilikuwa sehemu ya ule umati kuliko wengine wote niliowanunia. Yule bibi angeulizwa, angejibu: goti. Watoto wale wangejibu: mwalimu. Msichana wa karatasi ya nuksi alikuwa na mchumba na maisha mbele yake. Na mimi ambaye nilitembea mle ndani nikiwapima wengine ni nani wa kweli na nani mpita njia, sikuwa na neno la kuandikwa kwenye ubao wa mtoto. Je, kutokuwa na sababu ni dhambi? Sidhani. Huenda nusu ya mambo yaliyonifaa duniani niliyafuata bila sababu, nikayapatia sababu baadaye. Ila tangu siku hiyo nimekuwa mwepesi kidogo kuwasamehe wanaosimama kwenye vichochoro vya kwetu na kamera zao. Kidogo, pikipiki bado naipisha ipite mbele yao.

Kumbe mwenzangu yeye alikuwa amesali. Sikumwona. Aliniambia ndani ya treni tukirudi, kwa namna ya mtu anayetaja alichokula.

"Nimemwombea mama," akasema. "Ana sukari. Nikaona watu wote wanaomba, nami nikaomba."

"Mbele ya sanamu, kaka?"

"Kwa jina la Yesu, dada. Mungu wangu hazuiliwi na jengo."

Nikamwambia jambo hilo kwetu halina mjadala. Akasema kwao pia halina, mchungaji wake angemtoa mbio. Tukacheka. Kisha akafungua kikaratasi cha maelezo tulichopewa, akasoma, akanigeukia macho yamemtoka.

"Hata haionekani! Imefichwa. Sasa mimi nilikuwa nimesimama mbele ya nini?"

Hatukupata jibu, tukateremka kituo kisicho chetu kwa kubishana. Yeye alihoji kwamba mimi niliyezuia mikono nilikuwa nimeipa sanamu nguvu kuliko yeye aliyefumba macho na kuipuuza. Nilimwambia hayo ni maneno ya kuchezea. Usiku sikulala mapema. Inawezekana alisema kweli kuhusu mimi, na bado mimi nikawa nimefanya sawa; mambo mawili hayo hayakatazi kukaa pamoja, ingawa hukaa kwa kubanana.

Siku iliyofuata baada ya darasa nilirudi Asakusa peke yangu, si hekaluni. Upo msikiti huko, Darul Arqam, jengo jembamba lililobanwa na nyumba za watu, unaweza kulipita usilijue. Niliswali Magharibi huko pamoja na wanawake wawili ambao hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya salamu. Hapakuwa na umati. Kile kimya nilichokidai jana yake nilikipata bila kukidai, nikashangaa kwamba akili yangu haikutulia nacho, ilikuwa inazunguka bado kwenye moshi na goti la mtu nisiyemjua.

Mwaka uliofuata mwenzangu alikuja Unguja na mkewe. Walitaka pomboo, kama wote, basi tukaenda Kizimkazi, na tuliporudi kutoka baharini nikawapeleka Dimbani kuuona msikiti. Kwa nje ni nyumba ya mabati. Nilimwona akilitazama paa, na nilijua anachofikiri kabla hajasema.

"Huu ndio wa zamani uliousifu?"

Nikaanza kueleza, kwa sauti niliyoitambua kuwa ya mtu anayejitetea, kwamba kuta zimejengwa upya mara kadhaa, ila maandishi ya Kikufi yaliyo karibu na kibla yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na kwamba watu wameswali hapa tangu siku hizo. Walivua viatu, wakaingia, wakatazama maandishi yale ya mawe kwa adabu. Mkewe alikuwa na mimba kubwa. Mwenzangu akanivuta kando.

"Dada, naweza kuomba hapa? Kimoyomoyo tu. Ya mtoto."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitafuta mwaka mzima nikidhani linanihusu mimi na mikono yangu, kumbe swali lingenijia kutoka upande wa pili, nami nikiwa mwenyeji. Nilifungua mdomo nimwambie amuulize mtunzaji, na mtunzaji mwenyewe akatokea mlangoni akasema Alasiri imekaribia, wageni watoke. Tukatoka. Sikumuuliza kama alikwisha kuomba, naye hakusema. Akaenda kununua madafu, mimi nikavuka barabara kwa shangazi yangu kutia udhu.